Wiki ya Sabasaba Niliyoiuza Mara Tatu

Jumatano, 29 Juni 1977

Bati la mwisho nimelipigilia leo saa kumi jioni. Kumi na nane! Nimeshuka ngazi, nikarudi kinyumenyume ili niione nyumba yangu vizuri, nikajikuta katikati ya barabara kuu. Lori la mbao likanipigia honi. Dereva alinitukana mpaka akapotelea kwenye kona. Sikujali. Nyumba inang'aa.

Jirani yangu Filemoni, balozi wetu wa nyumba kumi, mwenye bomba uani, redio mezani na maneno mengi mdomoni, alikuwa mlangoni kwake na kikombe cha chai. Akauliza seremala asiye na kazi tangu Pasaka amepata wapi mabati kumi na nane. Nikamjibu: kwa ujamaa. Akarudi ndani na chai yake. Nimeshinda.

Niandike hapa nilivyoyapata, maana daftari halina mdomo. Mke wangu Apolonia aliondoka mwezi wa nne, kwenda kwao Mafinga. Hakugombana na mtu. Alikunja khanga zake, akasema atarudi siku nyumba hii itakapokuwa na bati na mimi nitakapokuwa na akili. Akili ninayo. Lilikosekana bati tu. Seremala wa kawaida angechonga viti mpaka azeeke. Mimi nilikaa, nikafikiri. Mwaka una wiki hamsini na mbili. Mtu wa kijijini anahitaji nyumba huku mjini wiki moja tu, aende hospitali, auze gunia lake, aone sherehe, arudi kwake. Basi namuuzia wiki hiyo moja. Yake milele, yeye na watoto wake na wajukuu, kila mwaka wiki ileile. Bei, mabati sita. Wala si kupangisha, kupangisha ni ubepari. Hii ni zamu. Nimeandika na hati kwa wino: Hati ya Kumiliki Wiki, Nyumba ya Zamu, Uyole.

Nimeuza wiki tatu. Kuna kasoro ndogo. Zote tatu ni wiki moja, ile ya Sabasaba, inayoanza Jumatatu ijayo. Alikuja kwanza Maganga, mfugaji wa Usangu, akaomba Sabasaba. Nikaandika. Akaja Mwalimu Andendekisye, mstaafu wa Tukuyu, akaomba Sabasaba. Nikaandika. Akaja Mama Evarista, mjane anayeleta viazi kutoka Iringa, na mabati yake yaliyokwishatumika, yamejaa matundu ya misumari. Alikuwa amechoka, jasho linamtoka, akaniuliza kama Sabasaba bado ipo. Ningesemaje?

Bado nina wiki hamsini na moja za kuuza. Nimempelekea Apolonia barua: bati tayari. Sikueleza zaidi.

Ijumaa, 1 Julai

Sijalala vizuri. Nimefikiri kwamba watu wa mashambani huahirisha safari, kisha nikakumbuka nyuso zao. Hawataahirisha.

Mpango! Nimewaandikia Mwalimu na Mama Evarista kwamba nyumba imevamiwa na viroboto wabaya mno, na kwamba mimi kama mtu mwaminifu nawashauri wahamie Februari. Nimeisifia Februari. Kuna mvua kidogo, nimesema, lakini mahindi mabichi ni mengi. Barua nimewapa utingo wa mabasi, moja ya Tukuyu, moja ya Iringa. Maganga sikumwandikia. Yeye alikuwa wa kwanza, na haki ni haki.

Filemoni aliniona stendi nikitoa barua mbili. Akauliza kama ni za mke wangu. Nikasema ni za kibiashara. Akasema hata yeye anaandika barua siku hizi, za kwenda Mafinga. Sikumuuliza ni za nani. Nimejuta baadaye.

Jumatatu, 4 Julai

Wamekuja. Wote.

Maganga alifika saa mbili asubuhi, hati ameiviringisha ndani ya pembe ya ng'ombe isilowe. Nyuma yake mkewe Roza, mjamzito wa leo au kesho. Mimi nilidhani anataka kuona maonyesho ya mifugo. Maganga akasema polepole, kama anavyosema kila kitu, kwamba ndiyo sababu walinunua wiki hii: mtoto azaliwe karibu na hospitali, chini ya bati lao. Wanatoka kwenye joto la kule bondeni, na leo nyasi za Uyole zilikuwa nyeupe kwa baridi. Walitetemeka. Mwezi wa tano niliwaambia baridi yetu ni ya kuburudisha. Nimewapa blanketi langu.

Saa sita akaingia Mwalimu Andendekisye na fimbo yake, mguu mmoja mbovu, tai shingoni. Barua yangu ya viroboto aliipata. Ameirudisha. Ameisahihisha yote kwa wino mwekundu na kunipa nne juu ya kumi, kwa kukosa mtiririko wa hoja.

Saa tisa Mama Evarista, na gunia la viazi kichwani na kopo la dawa ya viroboto mkononi. Akasema hatashindwa na wadudu ndani ya wiki yake mwenyewe. Akamwaga dawa hadi kwenye viatu vyangu.

Nilidhani watapigana. Ikawa kinyume, na mbaya zaidi. Kila mmoja anayo hati, kwa hiyo kila mmoja ni mwenye nyumba, na kwa hiyo wale wengine wawili ni wageni wake. Na nani hapa kwetu anamfukuza mgeni? Maganga alimkaribisha Mwalimu, akamvutia kiti. Mwalimu akamshukuru kwa ubaridi, akamkaribisha Maganga kwenye kiti kingine. Mama Evarista akawakaribisha wote wawili na kuwauliza habari za safari. Jioni wenyeji watatu wamepika vyakula vitatu, kila mmoja akiwasihi wageni wake wale bila aibu. Nimekula mara tatu. Mimi peke yangu sikukaribishwa na mtu, nilijikaribisha.

Maganga na Roza wako chumba kikubwa, Mama Evarista chumba kidogo, Mwalimu sebuleni. Mimi nalala karakana, kwenye maranda ya mbao. Yana joto kuliko watu wanavyodhani.

Jumanne, 5 Julai

Nimeshtakiwa.

Sababu ni uji. Asubuhi Mwalimu aliamka akakuta Maganga amemwekea uji, akamwambia ajisikie yuko nyumbani. Mwalimu akaweka kijiko chini. Akasema ameishi miaka sitini na tatu, amefundisha nusu ya wilaya, lakini hajawahi kuambiwa ajisikie yuko nyumbani ndani ya nyumba yake. Akaomba karatasi. Nikampa. Akaomba kalamu. Nikampa yangu.

Wameandika madai mezani kwangu asubuhi yote, Mwalimu akiandika, Mama Evarista akimkumbusha makosa yangu, Maganga akiitikia. Kuuza wiki moja kwa watu watatu, hilo la kwanza. Kusema maji yako karibu, kumbe ni kwenda kumpigia magoti Filemoni. Kusema hewa safi, kumbe malori. Kusema Mlima Loleza unaonekana dirishani, kumbe dirishani kinaonekana choo cha Filemoni. Hapo nilijitetea. Mlima unaonekana, ila usimame juu ya kiti. Mwalimu akaandika na hilo.

Walikosea tarehe ya hati ya Mama Evarista, nikawasahihisha. Kisha wakaenda mahakama ya mwanzo kufungua kesi, na mimi nikaenda nao, maana Mwalimu hawezi kutembea mbali bila bega la kuegemea, na Maganga alibaki na mkewe. Aliegemea langu. Njiani alinieleza adhabu za udanganyifu, moja moja, bila haraka. Kesi ni Jumanne ijayo. Karani akauliza mdaiwa yuko wapi apewe samansi. Nikanyoosha mkono.

Alhamisi, 7 Julai. Sabasaba

Sikuona ngoma. Sikuona mpira. Hakuna aliyeona.

Saa tatu Roza alikaa chini ghafla mlangoni, viatu vyake vya kwendea sherehe vikiwa mkononi. Maganga akatoka mbio barabarani kusimamisha gari la hospitali. Magari yote yalikuwa yamejaa watu wa Sabasaba wanaoimba, yakampita. Mimi nilikimbia upande mmoja, nikarudi, nikakimbia upande mwingine. Mama Evarista akaniambia nikikimbia tena atanifunga kwenye mti. Kumbe ni mkunga. Amezalisha wanawake kwao Iringa tangu ujana wake, hakusema kwa kuwa hakuulizwa. Aliagiza maji ya moto, wembe mpya na kimya. Mwalimu aliwasha moto jikoni akiwa na tai yake. Mimi nilimgongea Filemoni nikaomba maji ndoo nne, na kwa mara ya kwanza hakusema neno. Alibeba mbili mwenyewe.

Saa tano na robo tukasikia sauti. Mtoto wa kiume. Mwalimu alitazama saa yake, akaandika muda nyuma ya hati yake ya kumiliki wiki. Maganga alirudi amepanda trekta aliloliazima kwa mtu asiyemjua, akakuta yeye ni baba. Alikaa chini palepale uani. Tulikaa naye, wadai na mdaiwa.

Mama Evarista ametoa amri. Mzazi hatoki chumbani mpaka kitovu cha mtoto kikatike. Nikasema kwa heshima kwamba wiki ya Maganga inaisha Jumapili. Wote watatu walinitazama. Nikaenda kupasua kuni.

Ijumaa, 8 Julai

Leo nimepanda juu ya paa na kopo la lami. Julai hakuna mvua, najua. Lakini mabati ya Mama Evarista yana matundu, na baridi inapita. Nimeziba moja moja, kwa kidole. Hesabu, mia moja na kumi na mawili. Chini yangu mtoto alilia kidogo, akanyamaza.

Niandike sasa, maana nimelikwepa daftari hili kwa jambo moja tangu mwezi wa tatu. Tulikuwa na mtoto, mimi na Apolonia. Gaudensia. Alizaliwa wakati wa mvua kubwa. Nyasi za paa zilikuwa zimeoza. Nilijua zimeoza. Nilikuwa na mpango wa kufuga bata mzinga wakati ule, nikasema paa baadaye. Tulihamisha kitanda kona hii, kona ile, maji yakitufuata. Akashikwa na homa ya mapafu. Siku kumi na sita alizoishi. Yuko nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi. Apolonia hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningejua pa kushika. Alinyamaza mwezi mzima, akaenda kwao.

Ndiyo maana ya mabati. Si biashara. Au ni biashara, lakini si biashara tu.

Nimeziba tena yale niliyoyatilia shaka.

Jumanne, 12 Julai

Siku ya kesi. Tumekwenda pamoja, Mwalimu begani kwangu, Mama Evarista akigawa viazi vya kuchemsha njiani. Maganga aliazimwa koti langu ili awe nadhifu mbele ya mahakama dhidi yangu. Lilimpendeza.

Hakimu Liberatus ni mtu mwembamba, mpole, mwenye mafua. Alizisoma hati tatu, akaziweka pamoja, akazigeuza, akazisoma tena. Akauliza wiki ngapi zimebaki. Nikasema hamsini na moja. Akauliza basi kwa nini niliuza moja mara tatu.

"Kila mmoja aliomba hiyo, mheshimiwa, nami sikuwa na moyo wa kumkatalia."

Akauliza angekuja mtu wa nne je. Nikasema ukweli, ningemuandikia. Mzee mmoja wa baraza alifunika uso wake kwa kofia.

Madai ya mlima yalishindikana pale, ikabidi mahakama ije kuona yenyewe. Tukarudi Uyole wote, hakimu, wazee wa baraza wawili, karani na jalada lake. Hakimu alisimama sebuleni akaona choo cha Filemoni. Nikamletea kiti. Akapanda juu, akachungulia, akakaa huko muda. Akasema, kwa sauti ya kimahakama, kwamba Mlima Loleza unaonekana.

Papo hapo ikasikika sauti ya Roza kutoka chumbani. Aliomba radhi kwa wazee wote, akasema mtoto ndiyo kwanza amelala. Hakimu akashuka kiti taratibu, akavua viatu. Kesi iliyobaki imeendeshwa kwa kunong'ona. Mwalimu alinong'ona hoja zake sita. Mimi nilinong'ona utetezi. Hakimu akitaka kupiga chafya alitoka nje, akaipigia uani.

Na hukumu ikanong'onwa. Hati zote tatu ni batili. Kila mdai ana haki ya kuchukua mabati yake sita siku yoyote anayotaka, na mdaiwa asimzuie, isipokuwa wakikubaliana vingine. Nimeomba irudiwe, nikitumaini sikusikia vizuri. Nilisikia vizuri.

Filemoni alikuwa anasikiliza ukutani. Hakucheka. Hilo limeniogopesha zaidi.

Jumatano, 13 Julai

Mwalimu ameamka mapema, akaomba ngazi. Ngazi ni yangu. Akaomba nyundo. Nyundo ni yangu. Mahakama imesema nisimzuie, haikusema nimwache aanguke, na mguu ule ni mbovu, kwa hiyo nikamshikia ngazi ili aibomoe nyumba yangu salama.

Mabati yake aliyaandika jina lake kwa rangi nyekundu, hakuna wa kubishana. Yako juu ya chumba kikubwa, alikolala Roza na mtoto. Maganga alikuwa uani anachonga kijiti. Alimtazama mzee akipanda, akaendelea kuchonga. Yeye ni mdai mwenzake na hukumu ni hukumu. Mama Evarista alisimama mlangoni na ufagio.

Mwalimu akang'oa msumari mmoja. Nilisikia ukilia. Kisha nikasikia, kutoka chini ya bati, Roza akiimba. Wimbo wa kwao, wa taratibu, sijui maneno yake. Mwalimu alikaa juu pale, nyundo magotini, mpaka mikono yangu ikaanza kufa ganzi kwenye ngazi. Niliogopa mguu umemkwama. Nikamuuliza kama yuko salama. Akanyoosha mkono chini bila kunitazama.

"Kalinga, nipe msumari mrefu zaidi. Huu uliupigilia vibaya."

Nikampa. Akaupigilia. Akakagua na mingine, akapigilia minne upya, akishuka ananieleza jinsi paa linavyotakiwa kufungwa, mimi seremala wa miaka kumi na tisa. Nilimsikiliza. Ningemsikiliza mpaka kesho.

Uani wamekaa wadai watatu wakakubaliana vingine. Mabati yabaki. Mimi nitawachongea kitanda kila mmoja, cha mbao nzuri, kabla ya mwaka kwisha. Mwalimu ameandika makubaliano. Nimetia sahihi bila kusoma, akanigombeza, nikasoma, nikatia sahihi tena.

Alhamisi, 14 Julai

Apolonia amekuja.

Kwenye lori la mbao kutoka Mafinga, amekaa mbele na dereva, kifurushi mapajani. Nilikuwa barabarani nina ndoo. Filemoni alikuwa amemwandikia kila kitu, barua mbili, za wiki, za hati tatu, za mahakama. Alishuka, akamsalimu Filemoni kwanza, kamwene, salamu ya kwao, kwa heshima, akamshukuru. Nilitaka ardhi inimeze. Nilisubiri atazame bati. Hakutazama bati. Alisimama akasikiliza, akauliza ni mtoto wa nani analia.

Nikaanza kumweleza. Maganga, Usangu, hospitali, trekta, nikachanganya na hoja za mlima. Alishanipita. Aliingia chumbani, mlango ukafungwa.

Nilikaa nje na ndoo yangu. Mama Evarista akaniambia nikae mbali na mlango. Nikakaa mbali. Nilisikia sauti za wanawake, chini chini, kisha mtu akilia, na nilijua kilio kile ni cha nani, maana nimekisikia mwezi mzima wa tatu kupitia ukuta. Mwalimu alikuja akakaa kando yangu, tukatazama malori. Hakunisahihisha kitu.

Apolonia alitoka jua likielekea kutua, macho mekundu, mikono imeloa. Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Kwamba nimeuza nyumba yake vipande, kwamba nimeshindwa kesi, kwamba nadaiwa vitanda vitatu. Akauliza kama nimekula. Nikasema sijala. Akauliza maji yanatekwa wapi siku hizi.

Nampenda mwanamke huyu kuliko kitu chochote duniani. Ninaandika hapa kwa sababu uso kwa uso nilimwambia tu bomba liko kwa Filemoni.

Ijumaa, 15 Julai

Kitovu kimekatika asubuhi hii. Mama Evarista amekifunga kwenye kitambaa cheupe, akakitoa nje.

Hapo likazuka jambo. Maganga alitaka kukipeleka kwao, kizikwe kwenye zizi la baba yake Nkuba, ambaye mtoto amepewa jina lake. Roza, amesimama nje kwa mara ya kwanza, amejifunga blanketi langu, akakataa. Akasema mtoto huyu alipokelewa hapa, na mahali mtu anapopokelewa ni kwao pia. Maganga akakubali. Lakini kuzika kitovu kwenye ardhi ya watu si jambo dogo. Kitovu kikizikwa mahali, yule mtoto ni wa mahali hapo, hata akizeeka. Wakatutazama sisi, wenye nyumba. Wenye nyumba kwelikweli.

Mimi nilijua pa kufaa na nilijua siwezi kupataja. Nikawa natazama miguu yangu. Nikasema labda kando ya uzio. Labda karibu na karakana, pana udongo laini.

Apolonia alichukua jembe mkononi mwangu. Akaenda nyuma ya nyumba, sote tukamfuata. Akasimama chini ya mparachichi.

"Hapa, Baba Gaudensia. Karibu na wa kwetu."

Hajaniita hivyo tangu mwezi wa tatu. Nilipokea jembe nikachimba, na nililia nikichimba, mbele ya wadai wangu wote, wala sikuona haya. Shimo dogo tu. Roza alikiweka. Apolonia akafukia kwa mikono. Kisha Roza akampa mtoto ambebe, naye akambeba mpaka jua lilipopata nguvu, akizunguka naye pale pale chini ya mti, akimwambia mambo ambayo hatukuyasikia.

Filemoni alileta chai ya birika zima. Nimekunywa. Ilikuwa nzuri, lazima niseme.

Jumapili, 24 Julai

Wote wameshakwenda. Maganga na Roza na Nkuba mdogo wiki iliyopita, kwenye trekta lilelile, mwenye trekta alikuja kulidai akaishia kuwasafirisha. Watarudi mwezi wa kumi na mbili, mtoto aone kwao. Mwalimu alinipa mkono na orodha ya makosa yangu, ukurasa mmoja na nusu. Mama Evarista ameacha viazi nusu gunia na kopo la dawa.

Apolonia yupo. Hasemi kama amerudi, na mimi siulizi. Ila jana amefua mapazia.

Nimefanya kazi siku sita mfululizo, kitu ambacho Filemoni amekitangaza mtaani. Kitanda cha kwanza kimekamilika. Mbao za Sao Hill, miguu imechongwa, kichwani nimetia ua. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna hii. Apolonia alipitisha kiganja juu yake, akasema ni kizuri. Shida ni moja. Mbao zimekwisha, na za vitanda viwili vingine sijui zitatoka wapi.

Leo baada ya misa nilikaa karakana, nikakitazama. Nikafikiri. Mtu halali kwenye kitanda kizuri mwaka mzima. Kitanda kizuri ni cha wageni. Mwaka una miezi kumi na miwili, wadai ni watatu. Kila mmoja akikaa nacho kwa zamu yake, kitanda kimoja kinawatosha wote, tena hakichakai. Kwa nini watu hawafikirii mambo haya?

Kwa bahati nzuri, siku ile wanaondoka nilimuuliza kila mmoja pembeni ni lini hasa anapata wageni wengi. Wote walijibu Krismasi. Nimekwishaandika hati tatu mpya, kwa wino. Wote nimewaandikia Krismasi, maana ni watu wazuri sana, na sitaki hata mmoja wao alale chini.